Bwana Miti Kwenye Mbio za Theluji

Juzi nimerudisha nyundo. Ninyi mliobaki idara ya misitu mnaijua: ile yenye alama ya serikali kichwani, inayogongwa kwenye gogo kuonyesha kwamba limekatwa kihalali. Nimeishika zaidi ya nilivyoshika mkono wa mke wangu, na mpini wake umelika pale gumba langu lilipozoea kukaa. Kijana aliyeipokea aliitazama kidogo, akaitia kwenye droo, akanipa karatasi nisaini. Basi, imeisha. Nilitoka nje nikasimama uani nikijifanya natafuta ufunguo wa pikipiki, kwa sababu sikutaka mtu auone uso wangu.

Kwenye chai ya kuniaga mmoja wenu aliuliza mbele za watu, "Mzee Tarmo, eti ni kweli ulishawahi kushindana huko Ulaya kwenye theluji? Au ni fiksi za wazee?" Mkacheka, nami nikacheka. Nikaahidi kwamba nitaandika, maana nikisema kwa mdomo mtanikatiza. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo mtavipata wenyewe, na mshahara wangu mkiujua mtanichangia. Nitaeleza kazi, na wazee wawili walionifundisha kazi hiyo, mmoja hapa kwetu na mmoja huko kwenye baridi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya sabini, mlinzi wa msitu, kijana wa Endabash mwenye miguu mirefu na maneno mengi. Kituo kilikuwa juu ya Karatu, pale mashamba ya ngano na kahawa yanapoishia na msitu unapoanza kupanda kuelekea ukingo wa kreta. Siku ya kwanza nilikabidhiwa panga, koti la mvua lililotoboka kwapani, na mzee Lekishon.

Lekishon alikuwa Mmaasai wa upande wa Loliondo, mlinzi wa siku nyingi, mrefu, mkimya, mwenye kikohozi cha ugoro. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka msituni kutafuta visiki vibichi, mashimo ya mkaa na moshi. Wiki ile ya kwanza niliona anatembea polepole mno. Tulipofika kwenye kona moja nikampita, nikatangulia. Sikufika mbali. Alinidaka kwa mkanda wa koti akanivuta nyuma, na hapo ndipo nilipomwona nyati dume amesimama katikati ya njia, anatutazama kama watu wanaomdai. Tulirudi kinyumenyume bila kupumua. Tulipokuwa salama Lekishon hakupandisha sauti.

"Wewe Mbulu," aliniambia, maana ndivyo wengi wanavyotuita sisi Wairaqw, "hii miguu yako najua kukimbia tu, kusimama hapana jua. Mimi nikiwa mbele, wewe nyuma. Siku ile nasema pita, ndiyo unapita."

"Na usiposema?"

"Basi unakaa nyuma. Kuna shida gani? Nyuma ni pazuri."

Adabu hiyo haikuwa ngeni kwangu. Hata nyumbani kwetu kijana hampiti mtu mzima njiani kama anapita kisiki. Unakohoa kidogo ukiwa nyuma yake, unasubiri, yeye anasogea pembeni, unamwamkia, ndipo unapita ukiwa umeinamisha kichwa. Mimi nililelewa hivyo, kisha Lekishon akaigongelea ndani kwa msaada wa nyati. Miaka yote niliyofanya naye kazi sikumpita tena, na nakiri kwamba msitu niliujua kwa kuutazama kutoka nyuma ya bega lake.

Mtataka kesi ngumu. Wapo wapasuaji mbao waliotufyatulia mishale, lakini hao walikuwa rahisi, unakimbia tu. Kesi ngumu ilikuwa ya kibarua mmoja wa shamba la kahawa, Mnyaturu wa Singida, tuliyemkuta amekaa juu ya mwerezi alioukata, msumeno magotini, wala hakukimbia. Mke wake alikuwa amefariki na hapa Karatu hakuwa na ndugu wa kumchangia jeneza. Nilitoa daftari la makosa. Lekishon akanitazama muda mrefu, akasema, "Gonga." Nikagonga nyundo kwenye gogo, nikalifanya halali, tukamsaidia kulibeba. Kitabuni hamtaikuta hiyo, na msiniulize kanuni yake.

Mwishoni mwa miaka ya sabini likaja jambo la masomo. Nchi moja ya kaskazini kabisa ilikuwa inasaidia misitu yetu, ikataka watu wachache waende chuo cha misitu huko. Mkuu wangu alinichagua mimi kwa sababu, alisema, nimezoea baridi ya ukingoni. Baridi ya ukingoni! Simlaumu, naye alikuwa hajafika huko. Nilishuka kwenye ndege na sweta la mtumba la soko la Karatu, na upepo ukapita katikati yake bila hodi.

Kule wakati wa theluji bwana miti hatembei kwa miguu, atazama hadi kiunoni. Anavaa ski, zile mbao mbili ndefu nyembamba, moja kila mguu, na anajisukuma kwa fimbo mbili. Siyo mchezo, ni kitendea kazi kama panga letu. Mwalimu wa kazi za msituni aliitwa Torvald, mzee mwenye pua nyekundu na vidole pungufu mkono wa kushoto, msumeno ulivichukua. Kiingereza chake kilikuwa kibovu sawasawa na changu, ndiyo maana tulielewana. Alinipa ski za mbao zilizopakwa lami ya msonobari, nikazivaa, nikaanguka kabla sijatoka uani. Akaja akasimama juu yangu.

"Vizuri," akasema. "Sasa unajua chini ni wapi."

Nilianguka majira yale yote. Nilianguka nikipanda, nikishuka, na mara moja nikiwa nimesimama nazungumza na mtu. Nilimwita Torvald Mzee, na kila asubuhi nikamwamkia shikamoo. Alipouliza maana yake nikamweleza, akafikiri, akaomba nimfundishe jibu. Tangu siku hiyo aliitikia "Marahaba!" kwa sauti ya kusikika bwenini, na wanafunzi wenzangu wakadhani ananitukana.

Sitaficha, nilitamani nyumbani hadi nikaugua. Jumapili ndizo zilikuwa mbaya. Nilikaa dirishani natazama weupe, ninatamani vumbi la Endabash la mwezi wa tisa, lile linaloingia hadi kwenye uji. Nilitamani kengele za ng'ombe jioni, nilitamani kusikia mama wawili wakigombana sokoni kwa Kiiraqw. Torvald aliniona siku moja macho yamevimba. Alinipeleka kwenye banda la nta.

Lilikuwa banda dogo lenye jiko la kuni na meza ndefu, na harufu yake ilikuwa lami, moshi na nta, harufu ambayo mpaka leo ningeijua gizani. Ski hazitelezi vizuri bila nta ya kupaka chini, na nta ni za aina nyingi, kila aina na baridi yake. Nta ikiwa ngumu mno, mlimani unarudi nyuma. Ikiwa laini mno, theluji inakuganda miguuni na unakokota mzigo. Torvald alinifundisha kuchukua theluji kiganjani, kuikamua, kuisikiliza inavyolia, ndipo nichague. Tulikaa humo Jumapili nyingi, yeye anapaka, mimi nasugua, hatusemi kitu. Ukimya wake ulikuwa ukimya wa Lekishon. Nilianza kupona.

Majira ya pili ya theluji chuo kilialikwa kwenye mashindano ya kimataifa ya wanamisitu. Walikuja walinzi, wapimaji na wanafunzi wa nchi nyingi, vijana na watu wazima pamoja. Mbio kuu ilikuwa ya wanaume, ndefu, kilomita thelathini kupitia msituni. Kila timu ilikuwa na watu watatu na muda wao ulijumlishwa. Akikosekana mmoja, timu haina matokeo. Timu tatu za kwanza zilipata kikombe. Torvald alikuwa amefundisha maisha yake yote na timu yake haijawahi kuwa kati ya hizo tatu. Theluji ikiyeyuka mwaka ule alikuwa anastaafu.

Siku chache kabla ya mbio kijana mmoja wa timu aliteguka goti. Alibaki Olle, aliyekuwa hodari kuliko wote chuoni, na mwenzake. Torvald akanikuta bandani.

"Utakimbia wewe," akasema.

"Mzee, nitawaangusha."

"Kwenye mteremko utaanguka, hilo linajulikana. Lakini kwenye kupanda hakuna mwenye mapafu yako. Kuna kilima kirefu katikati. Hapo ndipo utakapolipa yote uliyoyapoteza."

"Wewe mwenyewe unaonaje? Tutapata?"

Alisugua pua yake. "Nakitaka kile kikombe," akasema. "Hata cha tatu. Nimewaambia watu miaka yote kwamba sijali, lakini nakitaka."

Hakuwahi kuniomba kitu kabla ya siku ile. Nilimwambia nitakimbia mpaka nitapike.

Asubuhi ya mbio theluji ililia vizuri kiganjani, tukapaka nta ya bluu. Wakimbiaji waliachiwa mmoja mmoja, kila mtu baada ya nusu dakika, kwa hiyo humjui aliyeshinda mpaka hesabu ifanyike. Njia yenyewe ni mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji kwa ajili ya ski. Ukimfikia mtu unapiga kelele kwa lugha yao, "Njia!", naye lazima atoke pembeni akupishe. Ndiyo sheria, na hakuna anayekasirika.

Tambarare ya mwanzo walinipigia kelele wengi, nikawa natoka tu kama mbuzi barabarani. Mteremko wa kwanza nikaanguka, kama ilivyojulikana. Kisha kilima kikaanza, na mwili wangu ukakumbuka njia ya kutoka Karatu kwenda ukingoni. Nikamfikia kijana mmoja, nikapaza sauti, "Njia!", akatoka. Nikamfikia wa pili. Jamani, utamu wake! Watu wale wazaliwa wa theluji wananipisha mimi wa Endabash. Torvald alikuwa amesimama pembeni ya kilima na saa mkononi. Nilipompita alikuwa anaruka. "Mko nafasi ya tatu!" alipiga kelele. "Olle amekimbia vizuri! Endelea hivyohivyo!"

Nikaingia kwenye msitu mnene, njia nyembamba, misonobari huku na huku. Hapo ndipo nilipomkuta yule mzee.

Alikuwa mlinzi wa msitu wa nchi nyingine, ndevu nyeupe zimeganda barafu, mgongo umepinda kidogo. Alikuwa anapanda taratibu, bila kukata pumzi, kama mtu aliyefanya hivyo kila siku ya maisha yake. Nikamfikia hadi ncha za ski zangu zikakaribia kugusa za kwake. Nikafungua mdomo kupiga kelele. Sauti haikutoka. Niliivuta tena, haikuja. Kumwambia mtu wa umri wa baba yangu atoke njiani! Mdomo ulikataa kama umefungwa kwa uzi.

Basi nikakohoa. Nilikohoa kwa adabu, kama unavyokohoa kwetu. Mzee akageuza kichwa, akanitazama kwa huruma, akaendelea. Nadhani alifikiri kifua kinaniuma. Nikakohoa tena, kwa nguvu kidogo. Akaongeza mwendo, labda hakutaka kuambukizwa. Nikasema hodi. Nikamwomba radhi kwa Kiingereza, sauti ya chini. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesalimiwa, akaendelea kupanda. Nami nikaendelea nyuma yake, nina nguvu zimejaa mapajani, pumzi imejaa kifuani, natembea mwendo wa mzee.

Njia ilizunguka ikarudi karibu na pale Torvald aliposimama. Aliniona. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mpite! Pita! Kwa nini humpiti? Muda unaisha!"

Nilimsikia kila neno. Nilijua anataka nini na nilikuwa nakitaka pamoja naye. Lakini mwenye kusema pita ni yule aliye mbele, na aliye mbele alikuwa kimya. Niliona machozi yananitoka na kuganda kwenye mashavu, nikamfuata mzee yule kilima kizima.

Msitu ulipokwisha kulikuwa na uwanja mpana. Nikatoka kwenye mifereji nikaingia kwenye theluji laini pembeni, nikajisukuma hadi nikawa sambamba naye, nikamwambia "Shikamoo," nikainamisha kichwa, nikaondoka. Kilichobaki nilikimbia kama ninavyokimbia moto wa msituni. Nilianguka mara nyingine, nikanyanyuka. Nilipofika mwisho nilitapika kama nilivyoahidi.

Tulikuwa wa nne. Tulizidiwa kwa muda ambao haumtoshi mtu kufunga kamba za viatu.

Olle alinijia kabla sijavua ski. Alikuwa analia kwa hasira, na alikuwa na haki. "Ulikuwa na nguvu! Sote tumeona! Kwa nini hukumpigia kelele?"

"Alikuwa mzee."

"Yalikuwa mashindano!"

"Najua. Lakini alikuwa mzee."

Alitupa kofia chini akaenda zake. Torvald akaja, akapiga magoti kwenye theluji, akaanza kunifungulia ski kwa vidole vyake pungufu. Nilimwambia, "Mzee, nisamehe, nimekunyima kikombe." Alifungua mguu mmoja, akafungua wa pili, akazisimamisha ski pembeni.

"Nilipokuwa na umri wako," akasema, "tulikuwa na mashindano kijijini kwetu. Nilimkuta baba yangu mbele kwenye njia. Nilipiga kelele: njia! Akatoka. Alizama hadi magotini, nikampita, nikashinda. Sikugeuka hata kumtazama. Baada ya siku ile baba hakuvaa ski tena. Hakunilaumu. Alisema amechoka tu."

Watu walikuwa wanashangilia waliopewa vikombe.

"Bado nakitaka kile kikombe," Torvald akasema, na macho yake yalikuwa mekundu kama pua. "Nisikudanganye. Lakini kesho asubuhi njoo na ski. Tutatembea tu."

Kesho yake kulikuwa na jua. Tulichukua mkate na chupa ya kahawa, tukaingia msituni, yeye mbele, mimi nyuma. Hakuna aliyetuhesabia muda. Alinionyesha nyayo za sungura, mti uliopigwa radi, mahali alipopotezea vidole. Nilimwona jinsi anavyoegemea mguu mmoja zaidi, jinsi anavyopumua kwa mdomo akipanda. Alikuwa amezeeka, na kazi ilikuwa imebaki wiki chache. Katikati ya kilima alitoka kwenye mifereji, akasimama kwenye theluji laini, akanipungia fimbo.

"Pita," akasema. "Mimi mwenyewe nimesema."

"Hapana, Mzee. Nyuma ni pazuri."

Alinitazama, akacheka mpaka akakohoa, akarudi njiani mbele yangu.

Theluji ikayeyuka, akastaafu, nami nikapanda ndege. Kwenye kiwanja cha ndege alinipa mkono akaniambia "Shikamoo" kwa makosa, nikaitikia "Marahaba" nisimwaibishe. Sikumwona tena. Sijui amezikwa wapi, na hakuna wa kumuuliza. Nilirudi Karatu kwenye vumbi nililolililia, na kwa wiki moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani. Kisha asubuhi moja nikapanda kwenda ukingoni, umande umeganda mweupe kwenye majani, nikasimama pale na panga langu na moyo ukaniuma kama unavyoniuma sasa. Nilikuwa nimejifunza kutamani upande wa pili. Huo ugonjwa hauna dawa zahanati ya Karatu, nimeulizia.

Miaka iliyofuata mnaifahamu: vitalu vya miche, moto wa msituni, tembo kwenye mahindi, kesi mahakamani. Nimefundisha wengi wenu, na wengi wenu mmenipita bila kukohoa, wala sina kinyongo, ndivyo ofisi zilivyo siku hizi. Mnaniuliza kama ipo siku moja ya kazi ningependa kuirudia. Ipo. Siyo ya mashindano, wala siyo ya cheo chochote. Ni ile ya kesho yake: mgongo wa Torvald mbele yangu, msitu kimya, ski zinalia taratibu kwenye theluji, na mimi nina nguvu za kumpita na sitaki.